Mtumbwi mwepesi wa mtu mmoja, usioyumba: ununue upi?

Swali: Nimekulia Ukerewe, sasa naishi Saint Paul, Minnesota. Nina miaka 63, kilo 84, urefu futi 5 na inchi 9. Mtumbwi wangu ni wa alumini, wa watu wawili, futi 17, una pauni 75, na bega langu halikubali tena kuubeba. Kupiga magoti ndani ya mtumbwi siwezi, magoti yamechoka. Jirani alinijaribisha mtumbwi wake mwepesi wa mtu mmoja, ukaniyumbisha mpaka nikarudi pwani. Nataka mwepesi lakini uliotulia na unaogeuka vizuri. Huwa natoka kwenye maziwa ya hapa mjini, na mara moja kwa mwaka naenda Boundary Waters, hifadhi ya maziwa kaskazini mwa jimbo, siku nne. Ninunue upi?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Tafuta mtumbwi wa futi 15 hadi 15 na nusu, wa kevla (kitambaa cha nyuzi nyepesi na imara) yenye kiini cha povu, uzito wa pauni 30 hadi 35 (kilo 14 hadi 16), upana wa inchi 28 hadi 29 pale mstari wa maji unapopita, na kiti kilichoshushwa hadi inchi 8 au 9 kutoka sakafuni. Ukinibana nichague kimoja tu kati ya hivyo, nachagua kiti. Watu hutoa maelfu ya dola kupunguza uzito, halafu wanauchukia mtumbwi mzuri kwa sababu ya mtikisiko ambao bolti nne ndefu zingeuondoa.

Mtumbwi wa jirani ulikuyumbisha kwa sababu mbili, na ya kwanza ni wepesi wenyewe. Tufanye hesabu ya makadirio. Ukikaa kwenye kiti cha sentimita 30 kutoka sakafuni, kitovu cha uzito wa mwili wako kiko kama sentimita 55 juu ya sakafu. Kitovu cha uzito wa mtumbwi mtupu kiko chini, tuseme sentimita 15. Katika alumini yako ya kilo 34, ukichanganya na kilo zako 84, kitovu cha jumla kinakaa kwenye sentimita 43 na nusu. Mwili huohuo ukiuweka ndani ya mtumbwi wa kilo 14, kitovu kinapanda hadi 49. Zile kilo 20 zilizolichosha bega lako ndizo zilizokuwa zikikushikilia chini. Sasa shusha kiti sentimita 5 tu: kitovu kinarudi 45. Weka na begi la kilo 15 sakafuni: kinashuka hadi 41, chini kuliko ulivyozoea kwenye alumini.

Sababu ya pili ni upana. Alumini ya futi 17 ina inchi 35 au 36 katikati, wakati mitumbwi mingi ya mtu mmoja ina 27 hadi 30. Nguvu ya chombo kujirudisha wima hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wake majini, kwa hiyo inchi moja si jambo dogo. Kutoka inchi 27 kwenda 29, urefu ukiwa uleule, unaongeza karibu robo nzima ya nguvu hiyo. Ndiyo maana nakwambia uulize upana wa kwenye mstari wa maji, usitosheke na ule mkubwa kabisa unaoandikwa kwenye tangazo. Upana unaotangazwa unaweza kuwa wa mbavu zilizotokeza juu ya maji, ambazo hazikusaidii mpaka mtumbwi uwe umeshalala ubavu.

Lakini usiende kununua mpana kuliko yote dukani. Ukikaa katikati ya mtumbwi wa inchi 32, mkono unalazimika kuvuka ukingo mbali ili kafi lisimame wima. Kafi lisiposimama wima, kila pigo linausukuma mtumbwi pembeni, na bega lako litalipa. Kipimo cha kuangalia hapa ni upana wa ukingoni, pale unapokaa: inchi 25 hadi 27 zinamfaa mtu wa kimo chako. Watengenezaji wazuri huinamisha mbavu kuelekea ndani mahali hapo, ili upate upana majini na wembamba mkononi. Hicho ndicho unachokitafuta.

Sasa kuhusu utulivu wenyewe. Upo wa mwanzo, mtumbwi ukiwa wima, na upo wa mwisho, ukiwa umeinama sana, na duka litakuonyesha ule wa mwanzo tu. Tako (sehemu ya chini ya mtumbwi) la bapa hutulia kabisa ukiingia, na mnunuzi hutabasamu. Likikutana na mawimbi ya ubavuni, bapa hilo hufuata mteremko wa wimbi, likiinama pamoja nalo, kisha likifika kikomo chake linapinduka bila onyo. Tako lenye mviringo mdogo, kama upinde uliolegea, hutikisika kidogo mwanzoni, lakini kadiri linavyoinama ndivyo ubavu unavyoingia majini na kukusukuma urudi. Kwa maziwa makubwa ya Boundary Waters yenye upepo wa mchana, chagua huo mviringo mdogo. Mtikisiko wa mwanzo hupungua ukishusha kiti. Lakini tako la bapa hakuna kifaa kitakacholirekebisha.

Usitafute mkuku, yaani uti mrefu unaopita chini katikati ya mtumbwi. Ulioko chini ya alumini yako ndio mshono ambapo nusu mbili za bati zimeunganishwa kwa ribiti, na kuusaidia mtumbwi kwenda sawa ni faida ya ziada tu. Mtumbwi wa kisasa wa mtu mmoja huenda sawa kwa umbo lake. Hapa angalia mpindo wa tako kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), yaani ncha zimenyanyuka kiasi gani ukilinganisha na katikati. Bila mpindo, mtumbwi unakwenda kama uzi wa fundi na hautaki kugeuka. Ukiingia kwenye kijito chenye kona utakesha. Inchi 2 na zaidi kila ncha, unageuka kwa pigo moja, lakini upepo unaufanya mchezo. Kwa matumizi yako mpindo usiolingana ndio bora: kama inchi moja hadi moja na nusu omo, na nusu ya hapo tezi. Omo inalegea ukitaka kugeuka, tezi inashika njia.

Urefu usikusumbue sana. Chini ya futi 14, kwa mzigo wako, mtumbwi unazama kina kirefu na kuwa mzito wa kusukuma. Juu ya 16 unaongeza pauni na unaupa upepo mahali pa kukamata.

Uwezo wa kubeba unahitaji hesabu yako mwenyewe, maana namba ya juu iliyoandikwa na mtengenezaji itakupotosha. Mara nyingi ni uzito unaouzamisha mtumbwi hadi zibaki inchi 6 tu za ubavu juu ya maji, hali ambayo hutaki kuwa nayo katikati ya ziwa. Jumlisha wewe kilo 84, nguo na jaketi la kuokolea 4, hema na vyombo 20, chakula na maji 6. Jumla ni kilo 114, yaani kama pauni 250. Siku ya kawaida mjini unashuka hadi kilo 92 hivi, pauni 203. Muulize muuzaji: mtumbwi huu unakwenda vizuri zaidi na mzigo wa kati ya pauni ngapi na ngapi? Namba zako zote mbili, 203 na 250, ziangukie ndani ya masafa hayo. Ukinunua uliokusudiwa mtu wa pauni 350 pamoja na mizigo, siku za mjini utaelea juu mno: sehemu pana ya tako haigusi maji vya kutosha, ubavu mrefu unapigwa na upepo, na wewe utasema mtumbwi ni mbaya.

Vifaa vya kutengenezea. Kwa urefu wa futi 15 hivi, tegemea uzito wa namna hii: plastiki na mchanganyiko wa tabaka za plastiki, pauni 45 hadi 60, faiba ya kawaida, 42 hadi 50, kevla yenye kiini cha povu, 28 hadi 36, kaboni, 22 hadi 30. Mitumbwi iliyotumika ya Royalex, aina mojawapo ya tabaka za plastiki, bado utaiona ikiuzwa. Ilikuwa migumu kufa, lakini bamba zake ziliacha kutengenezwa mwaka 2014, na kwa bega lako bado ni mizito.

Kati ya kevla na kaboni, nakushauri kevla. Kaboni ni ngumu na nyepesi zaidi, ila ikigonga jiwe lenye ncha hupasuka. Kevla hujikunja na kubaki nzima kwa kushikana nyuzi zake. Tofauti ya pauni 4 au 5 mgongoni ipo, lakini miamba ya kaskazini mwa Minnesota haina huruma, nawe utakuwa peke yako. Bei ya mpya ya kevla mara nyingi iko karibu na dola 3,000 au zaidi. Kaboni hupanda kutoka hapo.

Kama fedha ni ngumu, subiri mwisho wa kiangazi. Wakodishaji wa miji ya Ely na Grand Marais, kaskazini mwa Minnesota, huuza mitumbwi yao ya kukodisha kila msimu ukiisha, na mingi ni kevla. Ukienda kukagua, ugeuze juani, ingiza kichwa ndani na utazame juu. Kevla isiyopakwa rangi hupitisha mwanga kama asali, hivyo kiraka, ufa na mahali palipofumuka huonekana kama madoa meusi au meupe. Mikwaruzo mieupe ya nje ni ya kawaida, haina neno. Kinachokataza kununua ni hiki: bonyeza sakafu kwa kidole gumba, hasa chini ya kiti na mahali ambapo visigino hukaa, ikibonyea kama sifongo, kiini cha povu kimeachana na kitambaa. Gonga kwa sarafu kuanzia omo hadi tezi. Sauti kavu ni nzuri, sauti iliyokufa ni mahali palipoachana. Angalia pia ribiti za ukingoni na kingo za mbavu za povu, maana nyufa huanzia pale sehemu ngumu inapokutana na laini.

Aina za kujaribu: Wilderness ya Wenonah, Northwind Solo ya Northstar, na Keewaydin 15 ya Swift. Mbili za kwanza zinatengenezwa hapohapo Minnesota, ya tatu Ontario, na zote ziko kwenye kundi ninalolieleza. Prism ya Wenonah, futi 16 na inchi 6, ni mtumbwi mzuri sana wa mwendo, ila umekusudiwa kwenda sawa. Kama kugeuka ni sharti lako, uache. Umbo la Prospector la futi 14 hugeuka vizuri mno, lakini kwenye ziwa wazi utatumia nusu ya nguvu zako kuunyoosha.

Kuna watakaokushauri mtumbwi mdogo wa kukaa sakafuni kwa mtindo wa Adirondack, milima ya jimbo la New York. Ni jadi ya kuheshimiwa: mwaka 1883 George Washington Sears alisafiri maili 266 katika Adirondack kwa mtumbwi uliojengwa na J. Henry Rushton, wenye futi 9 na uzito wa pauni 10 na nusu tu. Ya leo ya namna hiyo hupatikana kwa pauni 15 hadi 25, na kwa kuwa umekaa chini kabisa haiyumbi. Tatizo ni magoti yako. Kunyanyuka kutoka sakafuni, mbele ya mwamba unaoteleza, mara sita au nane kwa siku, ni kazi ngumu kuliko kubeba pauni 10 za ziada. Kiti cha inchi 8 au 9 kinakuruhusu kugeuza miguu nje na kusimama.

Turudi kwenye kiti basi. Viti vingi huwekwa inchi 10 hadi 12 kwa ajili ya wanaopiga magoti, maana nyayo zao lazima zipite chini yake bila kunasa. Wewe hupigi magoti, kwa hiyo nafasi hiyo huihitaji. Kama kiti kinaning'inia kwenye ukingo, fungua bolti nne, uweke ndefu zaidi za chuma kisichoshika kutu za unene uleule, na vipande vya mbao ngumu virefu kuliko vya mwanzo. Tumia kipande kimoja kipana kwa kila upande kinachounganisha bolti ya mbele na ya nyuma; vipande vinne vilivyo peke yake huyumba mbele na nyuma, na mtikisiko huo hupanua matundu ya ukingoni. Shusha inchi moja, ukajaribu, kisha nyingine. Chini ya inchi 7 magoti yanapanda mno, na kafi linagonga mapaja. Usitoboe sakafu kwa sababu yoyote: maji yakiingia kwenye povu hayatoki. Ongeza na kikanyagio cha miguu. Miguu ikisukuma kitu kigumu, kiuno kinatulia na mtumbwi pia.

Siku ya kujaribu, kodi kwa nusu siku, si dakika kumi. Mtikisiko wa dakika 20 za kwanza ni mwili unaojifunza, na wengi hurudisha mtumbwi kabla haujaisha. Nenda na mzigo wako halisi, au madumu ya maji ya uzito huo, uliofungwa. Vaa jaketi. Ingia ukiwa kwenye maji yanayofika chini ya goti, mtumbwi ukielea kabisa: mikono miwili kwenye kingo zote, mguu mmoja katikati, makalio kwenye kiti, kisha mguu wa pili. Ukikanyaga ubavuni, au omo ikiwa imelala mchangani, hata mtumbwi bora utakutupa.

Kwanza kaa dakika mbili mikono ikiwa mapajani. Geuza shingo utazame nyuma, kushoto na kulia, maana huko ndiko watu hupoteza mizani. Kisha, karibu na pwani, inamisha ukingo mmoja polepole kwa kiuno na usikilize: je, kuna mahali unakaza na kukusukuma urudi? Wa kununua unakaza. Piga makafi kumi upande mmoja bila kurekebisha, uone omo imegeuka kiasi gani. Mwisho weka ubavu kwenye upepo na usimamishe kafi. Omo ikikimbilia upepo unakotoka, tezi ni nyepesi. Ikipeperushwa kwenda upepo unakoelekea, omo ndiyo nyepesi. Begi lako likisogezwa sentimita 20 au 30 hutosha kurekebisha. Upepo wa omo, sogeza mzigo mbele kidogo. Upepo wa tezi, urudishe nyuma. Ukitaka kujua mtumbwi umekaa sawa, mwaga kikombe cha maji sakafuni na utazame yanakimbilia wapi.

Kwa kuwa umekaa na hupigi magoti, kafi linalokufaa ni lenye shingo iliyopinda digrii 12 hivi, urefu wa inchi 48 hadi 50, ukibadili upande kila baada ya mapigo sita hadi kumi. Beba na la vichwa viwili, sentimita 240 hadi 260, kwa siku za upepo. Litakudondoshea maji mapajani, lakini bega litapumzika.

Mwisho ni kubeba. Ramani za Boundary Waters hupima njia za nchi kavu kwa rodi, na rodi moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5. Njia ya rodi 80 ni mita 400. Mtumbwi wa mtu mmoja una kiti katikati, kwa hiyo nira ya kubebea huwa ya kufunga na kufungua, nayo ina pauni 2 au 3 ambazo tangazo halizihesabu. Ifunge inchi moja hivi mbele ya mahali mtumbwi unapopata mizani, kuelekea omo, ili tezi iwe nzito kidogo na omo ikae juu uone njia. Usiurushe mabegani kama vijana. Pindua mtumbwi, acha tezi kwenye nyasi au majani, inua omo juu ya kichwa, kisha tembea chini yake hatua kwa hatua mpaka nira ikae mabegani. Hapo bega linabeba nusu tu mpaka dakika ya mwisho. Ukifika, ushuke kwenye maji, usiuburute mwambani. Ukipiga kambi, ufunge kwenye mti: pauni 32 upepo wa usiku huzipeperusha.

Minnesota hutaka mtumbwi wa zaidi ya futi 10 usajiliwe, basi ukinunua uliotumika muombe muuzaji karatasi zake za usajili uhamishe jina. Na alumini usiiuze kabla ya msimu mmoja kupita. Mjukuu akitaka kwenda nawe, wa mtu mmoja hauwatoshi wawili.